Siku ya Chapati Duniani

Mimi kalenda niliyozaliwa nayo ilikuwa na siku mbili, Pasaka na Krismasi. Kwetu Taita hizo ndizo siku za chapati, na chapati zikipikwa kijiji kizima kinajua, maana harufu yake haina siri. Siku nyingine zote tulikula kilichopo. Kwa hiyo nilipofika Riyadh kufanya kazi za nyumbani, katika nyumba moja kubwa huko Al-Malqa, na binti wa nyumba akaniambia leo ni Siku ya Pankeki Duniani, nilifikiri ananitania.

Hakuwa ananitania. Binti mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo, mtoto mzuri, hana maringo, lakini kwenye simu yake kuna kalenda iliyoandikwa na sijui nani asiye na kazi. Kila siku ya Mungu ni siku ya chakula fulani. Siku ya parachichi. Siku ya tambi. Siku ya siagi ya karanga! Haki ya Mungu, siagi ya karanga ina siku yake, na sisi tunaofua nguo hatuna. Naye huja jikoni asubuhi, mimi nina beseni la nguo mkononi, "Yalla, leo siku ya keki ya karoti." Napika. Anapanga sahani karibu na dirisha, anapiga picha ishirini, anakula vijiko viwili, anaenda zake chuo. Kinachobaki tunakimaliza mimi na dereva. Mwaka wangu wa kwanza nilinenepa kwa sherehe za watu nisiowajua.

Kuna siku alizokuwa akizificha. Ya bekoni aliipitisha haraka kwa kidole, na ya bia vilevile, huku akinitazama kwa pembeni kana kwamba ni mimi niliyeziweka. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Krismasi yangu haikuwemo kwenye kalenda ile kwa sababu Krismasi si chakula. Wenye nyumba walijua mimi ni Mkristo, waliliona hilo kwenye karatasi zangu siku ya kwanza, na halikuzungumzwa tena. Tarehe ishirini na tano niliiadhimisha kwa kupiga pasi.

Halafu akaja Bibi.

Bibi ni mama mzazi wa bosi, yule ninayemwita baba. Aliletwa kutoka Jeddah mwaka jana, baada ya Idi kubwa, kwa sababu alianguka bafuni nyumbani kwake Al-Safa na wanawe wakakata shauri asikae peke yake tena. Alizaliwa Unguja. Aliondoka huko na wazazi wake mwaka wa sitini na nne, bado mwari, akaolewa Jeddah, akazaa Jeddah, akazeekea Jeddah, na Kiarabu chake cha Hijazi watu walikisifu. Lakini uzee una vituko vyake. Kiarabu kilianza kumkimbia, Kiswahili cha utotoni kikarudi kukaa mbele. Mwanawe anakisikia lakini kukisema anababaika. Madam, mkewe, hajui hata neno. Basi madam akaniita, akaniambia tangu leo kazi yako ni Bibi, kufua atatafutwa mwingine.

Nikaenda kumwamkia. "Shikamoo, Bibi."

Akanipima juu mpaka chini. "Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Taita, Bibi. Kenya."

"Bara."

"Si bara sana. Ni karibu na Mombasa."

"Karibu na Mombasa si Mombasa," akasema. Tangu hapo tukaelewana.

Shida ilikuwa kula. Hakuwa akiumwa, hakuwa na homa, meno ya bandia yalimkaa sawa. Hataki tu. Sahani inakwenda na nyama laini, wali, supu, inarudi ilivyo. "S'taki," ananiambia. "Chakula cha hapa hakina wenyewe." Mwanzo sikumwelewa. Baadaye nikaona. Kwake Al-Safa mlango ulikuwa haufungwi mchana. Jirani anapita na bakuli, yeye anarudisha bakuli na kitu chake ndani, kwani kwao bakuli halirudi tupu. Al-Malqa kuna ukuta mrefu na geti lenye kamera. Mwaka wa tatu huu niko pale na jirani wa kulia simjui sura.

Tulimpeleka kwa daktari. Akampandisha mizani, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiarabu, nami nikiwa mkalimani, kwamba akiendelea hivi mpaka mwaka uishe atalazimika kutiwa mpira puani, alishwe kwa huo. Bibi akataka kujua kasema nini. Nikamwambia.

"Mwambie mimi sijazwi kama tairi," akasema. "Bora anizike."

Sikutafsiri. Nilimwambia daktari kwamba Bibi anasema atajitahidi. Kwenye gari madam alinishika mkono, na madam si mtu wa kushika mikono. "Anakusikiliza wewe peke yako," akasema. "Fanya unavyojua." Mama yangu mzazi alifariki nikiwa huku, wa kumlisha siku zake za mwisho nikawa sipo, nikamzika kwa simu. Sikuwa tayari kukaa tena nimekunja mikono mtu wangu akiisha mbele ya macho yangu. Na Bibi alikwisha kuwa mtu wangu. Nilimpenda, ndio ukweli wenyewe.

Njia nilioneshwa na yule binti bila yeye kujua. Ilikuwa Julai, joto la kupasua mawe, akaingia chumbani kwa Bibi na bakuli la aisikrimu ya pistachio. "Bibi, leo aisikrimu. Sikukuu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Bibi alikuwa amegeukia ukutani. Akageuka.

"Sikukuu ya nani?"

"Ya dunia nzima, Bibi," nikadakia mimi. "Leo ni Siku ya Aisikrimu Duniani."

"Alaa! Dunia imekosa kazi." Lakini aliinuka. Akashika kijiko, akala, akala tena. Bakuli lilipofika nusu akalisukuma, akajifuta mdomo. "Sikukuu haikataliwi," akasema, kama mtu aliyetoa sababu.

Nikamuuliza maana yake jioni nikimkanda miguu. Akanieleza kuwa kwao Unguja, na hata Jeddah kwa wenzake waliotoka huko, Idi watu hupita nyumba kwa nyumba kupeana mkono, na kila nyumba kuna sahani, na kila sahani lazima uionje hata kama umeshiba mpaka kooni. Kukataa chakula cha siku nyingine ni kukosa hamu. Kukataa chakula cha sikukuu ni kumtukana aliyepika. Marehemu mama yake aliwahi kumfinya sikio mbele ya wageni kwa kukataa kaimati moja tu, na sikio hilo, alisema, mpaka leo linakumbuka.

Woi, nilifurahi kama mtu aliyeokota pete. Asubuhi yake nikamkimbilia binti na kalenda yake: kesho siku gani? Keshokutwa? Lakini kalenda ile haikuwa ya Bibi. Siku ya soseji. Siku ya jibini lenye ukungu. Siku ya mabawa ya kuku ya pilipili. Bibi alionja soseji kwa ajili ya heshima, akaitema kwenye leso, akasema sikukuu hiyo wabaki nayo wenyewe.

Basi nikaanza kusema uongo.

Wa kwanza ulikuwa muhogo. Dereva alijua duka la Wahindi lenye muhogo wa barafu, tui nikalipata la kopo. Nikaupika wa nazi, na chumvi na pilipili mbichi moja nzima ndani kwa harufu, nikaubeba na uso mkavu. "Bibi, leo ni Siku ya Muhogo Duniani."

Akaniangalia. Akaangalia sahani. "Muhogo nao?"

"Muhogo nao, Bibi. Dunia nzima."

"Basi muhogo umefika mbali, maskini," akasema, akala vijiko sita. Nilivihesabu. Nilienda chooni nikalia kidogo, nikarudi nikaosha sahani.

Toka hapo nilipanga sikukuu kuliko serikali yoyote. Siku ya Uji wa Pilipili Manga. Siku ya Ndizi Mbivu za Nazi. Siku ya Mseto wa Choroko. Siku ya Boko Boko, hiyo ngano inayopondwa na nyama mpaka inavutika. Nilikuwa na daftari nisirudie siku moja mara mbili, maana njia ya mwongo ni fupi. Vyakula vya pwani sikuwa navijua vizuri, akawa ananifundisha kwa matusi: hiliki hii umetia kwa uchoyo, huu si mseto huu, ni udongo wa kukandika nyumba. Akitukana, anakula. Mizani ilipanda kidogo mwezi wa tisa, ikapanda kidogo mwezi wa kumi. Daktari akasema endeleeni, tutaonana mwaka ukiisha.

Katikati ya hayo aliniuliza siku moja, nikimsuka nywele, kwetu sikukuu tunakula nini.

"Chapati, Bibi."

"Chapati? Chapati si chakula cha sikukuu. Chapati ni asubuhi."

"Kwenu. Kwetu ilikuwa mpaka Krismasi. Mama anakanda unga tangu alfajiri, sisi watoto tunakaa mlangoni tunahesabu. Kila mtu mbili. Ya tatu unaiota."

"Na hiyo Krismasi yenu lini?"

Nikamwambia tarehe. Akasema ee, akaniambia nisikaze nywele za nyuma, yakaisha.

Mwezi wa kumi na moja vyuo vilifunga kwa wiki moja, tukasafiri wote Jeddah, nyumbani kwa Bibi kule Al-Safa. Aliposhuka garini alitembea mwenyewe mpaka mlangoni. Nyumba ilijaa: wifi yake, binamu, watoto wa binamu, Kiswahili na Kiarabu vinapishana kama watu sokoni. Na katikati ya mkeka, sinia kubwa la boko boko limemwagiwa samli.

"Karibuni," akasema wifi yake. "Si leo ndiyo Siku ya Boko Boko Duniani?"

Kumbe yule binti, mimi nikidhani anaamka na kulala na kalenda yake tu, alikuwa akizipiga picha sahani zangu zote na kuziweka mtandaoni pamoja na majina ya siku nilizozibuni. Hakuwahi kushuku, kwake yeye dunia yenye siku ya siagi ya karanga ilishindwaje kuwa na ya boko boko? Jamaa wa Jeddah walikuwa wakizifuata toka mwezi wa nane. Siku ya Muhogo waliila. Ya mseto waliila. Hii ya boko boko walikubaliana wairudie Bibi atakapokuja.

"Lakini mimi nimeitafuta," akasema binamu mmoja mwenye miwani, simu mkononi. "Mafi. Haipo. Hata ya muhogo haipo. Nani aliyewaambia?"

Macho yote yakamwendea binti. Binti akanigeukia mimi. Nilishika pindo la mtandio wangu nikaona ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ikifutwa, tiketi ya kunirudisha, kila kitu. Lakini zaidi ya hayo niliona mpira ule wa puani. Bibi akijua nimemdanganya miezi minne, sahani gani tena ataigusa?

"We mwana wee," sauti ya Bibi ikasikika kutoka kwenye kiti chake, "unatafuta boko boko kwenye simu? Kwani simu imezaliwa lini? Siku hii sisi tunaijua toka Unguja. Marehemu mama alikuwa akipika sufuria mbili. Kaeni mle, linapoa."

Wakakaa wakala. Wifi yake, aliyezaliwa mtaa mmoja naye, alifungua mdomo, Bibi akamtazama, akaufunga.

Baadaye mchana, wengine wamejilaza, aliniita chumbani kwake. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda. "Bibi, nisamehe."

"Tangu ule muhogo," akasema. "Mimi mzee, si mjinga. Dunia nzima isherehekee muhogo, na mimi nimekula muhogo toka sina meno mpaka sina meno tena, nisisikie?"

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Mtu kahangaika kunitungia sikukuu, nimkatae? Ningemtazama vipi mama yangu huko nendako?" Halafu akaona nalia, hakupenda. "Inuka huko. Uongo wako mtamu, lakini tui lako jepesi. Chukua mbuzi yangu jikoni, uende nayo Riyadh. Tui la kopo ni la wagonjwa." Mbuzi ya kukunia nazi, ya mti, imelainika kwa kukaliwa. Dereva alinipeleka mtaa wa Karantina kutafuta nazi nzima, nikarudi na kumi.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulistarehe. Hatukustarehe. Kuiacha nyumba yake mara ya pili kulimvunja kuliko ya kwanza. Riyadh ikaingia baridi, Bibi akajifunika shuka mpaka kidevuni, akageukia ukuta uleule. Nilikuna nazi, nikapika mchuzi. Nikamwambia leo ni Siku ya Mchuzi. Akanipapasa mkono, "Ahsante, mwanangu," akaonja ncha ya kijiko kwa heshima, halas, basi. Hakunitukana. Siku alipoacha kunitukana ndipo nilipoogopa kweli. Mashavu yakaingia ndani. Miadi ya daktari ilikuwa wiki ya mwisho ya Desemba, na madam alikwisha kuambiwa mpira ule ni wa ukubwa gani na unafungwaje nyumbani. Nilipiga hesabu ya siku zilizobaki kila nilipofungua friji.

Tarehe ishirini na tano niliamka kama siku zote. Nilizungumza na wanangu dakika tano kwenye simu, wakanionesha viatu vyao, nikafuta uso, nikaenda kumwamsha Bibi. Nikamkuta amekaa kitako, kajitanda mtandio wake wa Idi, ule wa rangi ya zabibu.

"Umechelewa," akasema. "Leo siku gani?"

Sikuwa nimebuni kitu. "Leo sina, Bibi."

"Huna! Mimi ninayo. Leo ni Siku ya Chapati Duniani. Nipeleke jikoni, na mwite huyo mjukuu wangu aje na simu yake."

Tulimweka kwenye kiti jikoni, mto mgongoni. Nilikanda unga. Alisimamia kila tonge: hili dogo, hili nene, samli usiionee haya. Binti alipiga picha, akaandika alichoambiwa aandike. Baba alichelewa kazini kwa makusudi siku hiyo. Wakakaa wote mezani, na Bibi kwenye kiti chake cha kichwani mwa meza, na chapati ishirini na nne katikati ndani ya kitambaa. Mimi nikawawekea chai, nikarudi nyuma, nikasimama nilipozoea kusimama.

"Kaa," akasema Bibi.

"Nitakula jikoni, Bibi."

Pale mezani sijawahi kukaa. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyewahi kuvuta kiti. Madam alimtazama mumewe. Baba akatazama kikombe chake, kisha akainuka mwenyewe, akavuta kiti kilicho kando ya mama yake.

"Sikukuu haikataliwi," akasema Bibi. "Usipokula, mimi sili."

Nikakaa. Akaniwekea mbili, mbele ya watu wote, akazipanga vizuri moja juu ya nyingine. Kisha akaongeza ya tatu. Hapo nililia waziwazi, mbele ya bosi, mbele ya madam, sikujali. Bibi alikula yake nzima na nusu ya kwangu. Daktari alipompandisha mizani wiki ile hakuutaja tena mpira, alisema tu tumlete mwezi ujao, na mwezi uliofuata akasema hivyohivyo. Lakini hayo yalikuwa bado mbele na mimi siyajui. Asubuhi ile nilichokuwa najua ni chapati iliyo mkononi mwake, bado hajaiuma, na yeye ameinama sikioni kwangu, anasema kwa Kiswahili kile ambacho wengine pale mezani hawakukidaka.

"Kwenu saa hizi wameshakula?"

"Wanakula sasa hivi, Bibi."

"Basi na sisi tule."